Unampeleka mtoto Hifadhi ya Ruaha? Anza na maji

Likizo ikikaribia, akina mama wa Kibaha na Kisarawe huniuliza kliniki: "Nesi, Ruaha tubebe nini?" Wengi wameshafikiria nguo na chakula. Maji ndiyo husahaulika.

Juni hadi Oktoba ni kiangazi. Wanyama huonekana kirahisi kwa sababu hukusanyika kwenye Mto Ruaha Mkuu kutafuta maji. Ukame huohuo humkausha mtoto haraka. Kutoka Iringa mjini hadi hifadhini ni zaidi ya kilomita 100, sehemu kubwa barabara ya vumbi. Hospitali kubwa inabaki nyuma yako.

Kabla ya kuondoka

- Beba maji safi, angalau lita 3 kwa kila mtu mzima kwa siku, na akiba gari likiharibika.
- Nunua pakiti za ORS na vidonge vya zinki.
- Beba chandarua chenye dawa, na kofia.
- Mvalishe mtoto nguo za mikono mirefu. Epuka bluu na nyeusi, huvutia mbung'o.
- Lala Iringa, uingie hifadhini asubuhi.
- Mtoto akiwa na homa au anaharisha, ahirisha safari.

Mkiwa njiani

Mpe mtoto maji kidogo kidogo bila kungoja aombe. Wa chini ya miezi 6 anyonyeshwe mara nyingi zaidi, maji hahitaji. Usimwache mtoto ndani ya gari lililoegeshwa, hata dakika chache.

Akiharisha, koroga pakiti moja ya ORS kwenye lita 1 ya maji safi. Kila anapoharisha, wa chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe. Mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. ORS iliyobaki baada ya saa 24 imwage.

Usisubiri kesho

Macho yamedidimia, analia bila machozi, hakojoi, amelegea, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, au amepata degedege: ondokeni mara moja. Kwa kawaida magari ya wageni hayatembei usiku hifadhini, kwa hiyo ukiona dalili jioni, waambie askari wa hifadhi papo hapo wakusaidie kutoka. Endelea kumpa ORS njiani kama anaweza kumeza.

Mkirudi nyumbani mtoto akapata homa, nenda kituoni siku hiyohiyo. Mwambie mhudumu mlikuwa Ruaha, ampime malaria na akumbuke malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.