Unataka Kwenda kwa Wabaski? Hii Hapa Rada Yote Kabla Hujachoma Doh ya Viza

Kama ushawahi kununua kiatu cha Balenciaga pale Gikosh, iwe orijino ama ile ya "usiulize maswali", basi tayari ushavaa jina la Mbaski. Cristóbal Balenciaga alizaliwa 1895 kwa kijiji cha wavuvi kinaitwa Getaria. Budake alikuwa wa mashua, mathee wake alikuwa anashonea watu nguo. Siku hizi brandi yenyewe iko Paris, lakini Getaria kuna makumbusho yake tangu 2011, na nguo alizoshona kwa mkono wake ziko hapo unazicheki live.

Na kama wewe ni msee wa boli, kumbuka fainali ya Euro 2024 kule Berlin. Uhispania 2, Uingereza 1. Bao la kwanza Nico Williams, la pili Mikel Oyarzabal. Mmoja amezaliwa Pamplona, mwingine Eibar. Zote mbili ni mitaa ya Wabaski.

Sasa hawa watu ni nani?

Kwao wanapaita Euskal Herria. Ni pale kona ambapo Uhispania na Ufaransa zinakutana, milima ya Pirenei upande mmoja, bahari ya Atlantiki upande mwingine. Kuna mikoa 7: minne iko Uhispania (Bizkaia, Gipuzkoa, Araba na Nafarroa), mitatu iko Ufaransa (Lapurdi, Nafarroa Beherea na Zuberoa). Watu wote ni kama milioni 3 hivi, yaani hawafikii hata Nairobi. Usitafute nchi inaitwa hivyo kwa ramani ya dunia, hutaipata. Ila ukifika huko utaona bendera ya nyekundu, kijani na nyeupe imening'inizwa kwa balkoni kila mahali.

Kitu inawafanya wawe tofauti ni lugha. Kibaski, ama Euskara, hakina ndugu hata mmoja duniani. Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano, hizo ni watoto wa Kilatini. Kibaski kilikuwa hapo kabla Warumi wafike, na wataalamu wamekitafutia familia miaka na miaka bila kuipata. Raha ni kwamba sisi wa Kiswahili tunakisoma bila stress. Irabu ni zile zile tano, a e i o u, zinatamkwa vile tunatamka. "Tx" soma ch, "x" soma sh. Kwa hivyo "kaixo" ni kaisho, ndiyo mambo yao. Asante ni "eskerrik asko". Ndiyo ni "bai", hapana ni "ez", kwaheri ni "agur". Na kama vile sisi tunabandika -ni kwa nyumba tunapata nyumbani, wao wanabandika pia: "etxe" ni nyumba, "etxean" ni nyumbani, "etxetik" ni kutoka nyumbani.

Cheki hii sasa. Neno lao la kuita Mbaski ni "euskaldun", na maana yake ni mwenye Kibaski. Si mwenye damu, si mwenye shamba. Mwenye lugha. Ndiyo maana ukiwachukulia lugha umewachukulia kila kitu, na kuna watu walijaribu.

Zamani kwa shule nyingi za huko, mtoto akishikwa akiongea Kibaski anapewa pete. Anakaa nayo mpaka askie mwenzake ameteleza, anampasia. Mwenye atapatikana nayo mwisho anakula viboko. Inafanana na kitu unakijua? Ni ile diski yetu, ya kuvishwa shingoni ukiongea kilugha shuleni. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika vile waliipitia. Watu hawajawahi kukutana, mabara mawili tofauti, akili ile ile ya kufanya mtoto awe snichi wa lugha ya mamake.

Franco alipochukua Uhispania 1939 mambo yaliharibika zaidi. Kibaski kilifukuzwa shuleni, kwa ofisi, hata kwa majina ya watoto. Alikaa hadi alipokufa 1975. Lakini wazazi na walimu hawakungoja afe. Walianzisha shule zao wenyewe, ikastola, nyingine zikianza kimyakimya kwa nyumba za watu. Mwaka wa 1968 wakakubaliana juu ya Kibaski sanifu, ndiyo watu wa lahaja tofauti waandike kitu kimoja. Leo kwa upande wa Uhispania, kwa ile mikoa mitatu ya Bizkaia, Gipuzkoa na Araba, ni lugha rasmi pamoja na Kihispania, na watoto wengi wanasoma hesabu na sayansi kwa Kibaski. Upande wa Ufaransa bado si rasmi, na hali ni mbaya zaidi.

Usidanganyike lakini. Bilbao mjini utaskia Kihispania zaidi, hata kwa vijana wenye wamesoma Kibaski shule nzima. Kujua ni kitu kimoja, kukitumia ukiwa na mbogi yako ni kingine. Kama unataka kukiskia kikiongelewa sokoni na kwa boli ya watoto, toka jijini, enda Lekeitio ama Azpeitia. Na kama unaweza, fika wakati wa Korrika. Hiyo ni mbio ya kupokezana kijiti, mchana na usiku bila kusimama, zaidi ya kilomita 2,000 kupita Euskal Herria nzima, kuchangia masomo ya Kibaski ya watu wazima. Hufanywa kila baada ya miaka miwili tangu 1980. Ndani ya kijiti kuna ujumbe wa siri unasomwa mwisho. Mkenya na mbio, hapo hata viza wangefaa kukupea bure.

Bilbao ndiyo ndege inakushusha, baada ya kubadilisha mahali fulani Ulaya. Ilikuwa jiji la chuma na meli, moshi na mto mchafu, kazi zikaisha, ikabaki imechoka. Ndipo 1997 wakafungua makumbusho ya Guggenheim, jengo la Frank Gehry lenye ngozi ya titani inang'aa kando ya mto. Nje kuna buibui mkubwa wa Louise Bourgeois na mbwa wa maua wa Jeff Koons. Hizo mbili unapiga picha bila kulipa ndururu.

Lakini kanisa la kweli la Bilbao ni uwanja wa San Mamés. Athletic Club wako na sheria moja: kama hujazaliwa kwa Wabaski ama hujalelewa kisoka huko, huchezi. Kwa hii dunia ya kununua wachezaji kama viazi, wao, Real Madrid na Barcelona ndio hawajawahi kushuka ligi kuu. Na staa wao mkubwa ni Iñaki Williams, kakake Nico. Wazazi wao walitoka Ghana, wakavuka Sahara, sehemu nyingine kwa miguu, mama akiwa na mimba yake. Iñaki alizaliwa Bilbao 1994. Yeye huchezea Ghana, mdogo wake Uhispania. Walipochukua Copa del Rey 2024, ya kwanza tangu 1984, timu ilipanda mashua kupita mtoni na jiji lote likasimama. Binafsi naona hiyo familia inajibu swali la nani ni Mbaski kuliko kitabu chochote.

Gernika usiiruke. Ni safari ya treni ya kama saa moja kutoka Bilbao. Tarehe 26 Aprili 1937, Jumatatu, siku ya soko, ndege za Ujerumani na Italia zilizokuwa zinasaidia Franco ziliuchoma huo mji. Picasso akachora ile picha yake kubwa kwa sababu hiyo. Picha yenyewe iko Madrid, na Wabaski wameiomba mara kadhaa bila kupewa, kwa hivyo Gernika utapata nakala ya vigae kwa ukuta. Mti wa mwaloni ambapo wazee wao walikuwa wanakutania ulipona siku hiyo. Uliopo leo ni wa uzao wake.

Kuna jina lingine utaliskia, ETA. Hilo ni kundi lililoundwa 1959, likaua watu zaidi ya 800 likidai uhuru, likasimamisha mashambulizi 2011 na kujivunja 2018. Kuna familia bado zinaomboleza, pande zote. Usiingize hiyo stori kwa baa ukijifanya mjuaji.

Tukiongea baa, dishi sasa. Donostia, ile Wahispania wanaita San Sebastián, iko saa moja na kitu kwa basi. Mtaa wa kale umejaa baa za pintxo, vipande vidogo vya chakula vimepangwa kaunta. Kimoja ni kama euro 2 hadi 4. Unakula kimoja, unakunywa kidogo, unahama baa. Anza na gilda: zeituni, dagaa wa chumvi na pilipili kwa kijiti. Keki ya jibini iliyoungua juu, ile imejaa mtandaoni, ilitoka baa inaitwa La Viña hapo hapo. Januari hadi Aprili enda Astigarraga kwa nyumba za sida ya matofaa. Mtu anapiga kelele "txotx!", pipa linafunguliwa, unakinga glasi yako kwa mbali.

Na wapenzi wa rap, tafuteni bertsolari. Mtu anapewa mada papo hapo, anaimba mashairi yenye vina bila kuandika. Fainali yao huwa kila miaka minne na hujaza ukumbi. Maialen Lujanbio alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda, 2009, akarudia 2017 na 2022. Watu wa malumbano ya Mombasa watajiskia nyumbani.

Viza ni ya Schengen, euro 90 kwa mtu mzima, karibu elfu 13 zetu, na wakikukataa hairudi. Omba kupitia Uhispania kama usiku mwingi utalala huko. Ukivuka hadi Biarritz ama Baiona huhitaji nyingine. Utahitaji bima ya euro 30,000, taarifa ya benki isiyo ya kuchekesha na mahali pa kulala. Maombi yanafunguliwa miezi 6 kabla ya safari, na usivuke siku 15 za mwisho. Kwa hivyo kama unalenga Aste Nagusia, sherehe kubwa ya Bilbao ya Agosti, anza kusumbuka na makaratasi mwezi wa pili ama wa tatu.