Bendi nzima ndani ya kompyuta

Msomaji, je, umewahi kuombwa uimbe harusini, ukaingiwa na hofu kwa kuwa hakuna wa kukupigia ala? Kwa mkazi wa Isiolo, shida hii si ndogo. Kualika bendi kutoka Nairobi ni kulipia nauli, chakula na malazi ya watu wanne au watano, na kwaya nyingi za vijana hazina uwezo huo.

Hapo ndipo kompyuta inapoweza kukufaa. Programu ya Band-in-a-Box, ya kampuni ya PG Music ya Kanada, ilianza kuuzwa mwaka wa 1990. Siku hizo sauti zake zilikuwa za kuigiza tu, kama za kinanda cha umeme. Katika miaka ya 2000 ziliongezwa RealTracks: gitaa, besi na fidla zilizopigwa na wanamuziki halisi studioni. Wewe huandika kordi, yaani noti zinazopigwa pamoja, nayo programu huchagua vipande vilivyorekodiwa na kuviunganisha.

Lakini usikimbilie kubonyeza. Kwanza imba wimbo wako ukipiga makofi, uhesabu mapigo. Kisha tafuta kwa gitaa au kinanda mahali ambapo sauti yako haipandi ikapasuka wala haishuki ikapotea. Nyimbo nyingi za kanisani hutosheka na kordi tatu, kwa mfano C, F na G. Ziandike, chagua mtindo, halafu sikiliza.

Jihadhari na kasi. Kila kipande kilirekodiwa kwa kasi yake. Ukikivuta sana, gitaa huanza kulegea kama kaseti ya zamani iliyoshikwa na joto. Ni afadhali kutafuta mtindo mwingine ulio karibu na kasi yako.

Pia, zima ala moja moja. Ukizima gitaa, utajifunza kulipiga wewe mwenyewe huku besi na ngoma zikikushikilia. Huyo ni mwalimu asiyechoka. Hata hivyo, hakusubiri. Ukisahau ubeti, bendi ya watu itazunguka mpaka urudi. Kompyuta itakuacha jukwaani peke yako!

Jambo zito zaidi ni hili. Nyimbo nyingi za Wasamburu na Waturkana hubebwa na sauti, makofi na miruko. Hazikuzaliwa na kordi, ilhali swali la kwanza la programu ni kordi. Ukiulazimisha wimbo wa nyanya yako uingie katika mtindo wa Marekani, huenda ukatoka ukiwa umevaa suti lakini umesahau jina lake.

Basi fanya hivi: rekodi kwanza wazee wakiimba kama wanavyoimba, kwa idhini yao, uiweke rekodi hiyo salama. Baadaye, kwa utunzi wako mpya, tumia besi na ngoma za kompyuta, lakini makofi na kiitikio viwe vya marafiki zako. Ukimaliza, hifadhi ala hizo kama faili ya sauti na uzitie kwenye simu, ili umeme ukipotea harusi isisimame.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kompyuta ni mgeni mwenye vipaji vingi. Mkaribishe, msomaji, lakini kiti cha mwenye nyumba usimpe.