Je, Wajua? Riwaya ya Mtoto wa Kiyahudi Aliyekulia Kenya

Stefanie Zweig alizaliwa Ujerumani mwaka 1932 katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1938 waliwakimbia Wanazi, wakahamia Kenya. Baba yake, mwanasheria, akawa msimamizi wa shamba. Jamaa waliobaki Ulaya waliuawa, msiba usio na hata kaburi la kuzuru.

Mwaka 1947 walirudi Ujerumani, na Stefanie akawa mwanahabari wa sanaa. Riwaya yake ya mwaka 1995, *Nirgendwo in Afrika*, inasimulia maisha hayo ya Kenya. Humo wakili anampa mpishi Mjaluo, Owuor, joho lake jeusi la mahakamani; shambani halina kazi. Napenda sana ukurasa huo.

Filamu iliyotokana na riwaya hiyo ilishinda Oscar mwaka 2003. Msomaji wa Ifakara, itazame: utasikia Kiswahili humo.