Fahamu: Umeolewa na mgeni Njiru, je, anaruhusiwa kufanya kazi?

Mke Mkenya anayeishi Njiru na mume kutoka Uganda au Kongo humwombea kwanza pasi ya mtegemezi. Pasi hiyo inamruhusu kukaa nchini. Kazi hairuhusu, iwe ni mjengo au kuuza dukani kando ya Kangundo Road. Hapa ndipo wengi hunaswa, na mwajiri naye hushtakiwa. Akitaka kuajiriwa, anahitaji kibali cha kazi chake mwenyewe.

Ndoa ikifikisha miaka 3, sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inamruhusu kuomba ukaaji wa kudumu, na akiupata hahitaji tena kibali. Ikifika miaka 7, Katiba, kifungu cha 15, inampa haki ya kuomba uraia.

Chini ya katiba ya zamani, haki hiyo ilikuwa ya wanawake walioolewa na Wakenya tu. Mume mgeni hakuipata kwa ndoa. Dhuluma hiyo iliondolewa mwaka 2010.

Basi sajilini ndoa mapema, hata ile ya kimila. Bila cheti cha ndoa, hamtasonga mbele katika ofisi za uhamiaji za Nyayo House.