Kutoka Sufuria hadi Klorini: Maji ya Kunywa katika Milima ya Usambara

Asafiriye kutoka Mombo kwenda Lushoto kwa njia ya Soni huyakuta maji kila upande: vijito, mifereji ya mashamba na chemchemi zitokazo chini ya miamba. Ni maji baridi, yanayong'aa kama kioo, na kwa sababu hiyo huaminiwa upesi. Hata hivyo, kung'aa kwa maji si ushahidi wa usafi. Vimelea vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu havionekani kwa macho, na chemchemi iliyo chini ya makazi na mashamba hupokea, wakati wa mvua, kila kilichoachwa mlimani juu yake.

Kwa miaka mingi ushauri wa wahudumu wa afya umekuwa kuchemsha, nao ni ushauri sahihi. Wapo wanaotia shaka kwa kuwa katika mji wa Lushoto, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 95 hivi, wala si 100. Joto hilo latosha kabisa kuua bakteria, virusi na vimelea vingine vya kuhara. Maji yakishatokota kwa dakika 1 yanafaa. Katika vijiji vilivyo juu ya mita 2,000, yaachwe yatokote kwa dakika 3.

Udhaifu wa kuchemsha uko kwingine. Kwanza, kuni ni mzigo mgongoni mwa mwanamke na ni hasara kwa msitu, na moshi wake ni adui wa mapafu ya mtoto. Siku kuni zinapokosekana, familia hunywa maji mabichi. Pili, maji yakishapoa hayana ulinzi wowote. Kikombe kimoja kilichotumbukizwa ndooni kwa mkono usionawa hurudisha vimelea, na jasho lote la kuchemsha likawa la bure.

Klorini huziba pengo hilo la pili. Baada ya kuua vimelea, kiasi fulani hubaki ndani ya maji na kuendelea kuyalinda. Mji wa Jersey City, nchini Marekani, ulianza mwaka 1908 kutiliwa klorini mfululizo katika maji ya wakazi wake, na miji mingine ikafuata. Nchini mwetu, mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi uliwakumbusha wengi thamani ya dawa hii.

Lakini anayehama kutoka sufuria kwenda klorini hana budi kujifunza masharti mapya, kwa maana moto hauchagui maji ilhali klorini huchagua. Sharti la kwanza ni uangavu. Tope na mabaki ya majani huimaliza dawa kabla haijawafikia wadudu. Baada ya mvua, maji yaachwe yatuame, yamiminwe taratibu, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Yakibaki na ukungu, fuata maelekezo ya lebo kuhusu kuongeza dozi, au uyachemshe.

Sharti la pili ni muda, na hapa watu wa milimani wana jambo lao. Maelekezo ya kawaida ni kusubiri dakika 30, lakini klorini hufanya kazi polepole katika maji baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti, maji ya huku huweza kushuka chini ya nyuzi joto 18. Subiri saa 1 kamili kabla ya kunywa. Njia rahisi ni kutia dawa jioni na kunywa asubuhi.

Harufu hafifu ya klorini huwakera baadhi ya watu, na wapo wanaohofia kuwa itawadhuru. Kwa dozi iliyoandikwa kwenye lebo hofu hiyo haina msingi. Harufu hiyo ni dalili kwamba ulinzi ungalipo. Mhudumu mwenye kipimo atafute angalau miligramu 0.2 za klorini huru kwa lita pale familia inapochotea maji ya kunywa.

Wapo wasiopaswa kuiacha sufuria. Kriptosporidia, kimelea kinachosababisha kuhara, hustahimili klorini lakini hufa kwa kuchemshwa. Mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka, mgonjwa wa saratani aliye kwenye matibabu, na mtoto mchanga anayetayarishiwa maziwa ya kopo waendelee kupata maji yaliyochemshwa. Tukumbuke pia kwamba si moto wala klorini inayoondoa viuatilifu vya mashambani. Dawa ya hayo ni kulinda chanzo chenyewe.

Tumia vidonge au maji ya dawa yaliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa pekee. Klorini ya mabwawa ya kuogelea na dawa ya kufulia yenye manukato zisitiwe katika maji ya kunywa. Hifadhi dawa mahali pakavu, penye kivuli, mbali na watoto, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Maji yakae katika chombo chenye kifuniko na bomba, au dumu lenye mdomo mwembamba.

Kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, swali la kuuliza nyumbani lisiishie kwenye "Je, mnatibu maji?" Ulizeni: mlitia dawa saa ngapi, maji yalikuwa na hali gani, mnachota kwa kitu gani? Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yatakayoonyesha iwapo mtoto wa nyumba hiyo amekingwa.