Shule mchana, kimbilio usiku wa gharika

Hebu fikiri, mpenzi msomaji, ni saa nane usiku na maji yameanza kupenya chini ya mlango. Mtu anapita nje akipaza sauti kwamba kila mmoja ahamie jengo la orofa lililo mtaa wa pili. Je, utatoka? Cherehani na bidhaa za kioski utamwachia nani? Nyanya asiyeweza kupanda ngazi atafikaje huko juu? Na mabinti zako watalala chumba kimoja na wanaume wasiowajua?

Wengi wetu hudhani kwamba anayekaidi onyo la gharika ni mjinga. La hasha. Aghalabu amepima mambo hayo yote kwa haraka, akaona heri abaki. Kwa hivyo anayechora ramani ya kituo cha hifadhi ana kazi mbili: kusimamisha kuta zisizoanguka, na kumwondolea mtu huyo sababu za kubaki nyumbani. Nchi iliyojifunza haya kwa gharama kubwa mno ni Bangladesh.

Mnamo Novemba 1970, kimbunga kutoka Ghuba ya Bengal kiliwaua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000 katika nchi hiyo, ambayo wakati huo iliitwa Pakistan ya Mashariki. Baadaye vituo vya hifadhi vilijengwa pwani, na mwaka wa 1972 serikali na Hilali Nyekundu wakaanzisha mpango wa watu wa kujitolea wa kutoa maonyo vijijini. Hata hivyo, usiku wa Aprili 29, 1991, watu wapatao 138,000 waliangamia. Vituo vilikuwa vichache, na kwa wengi vilikuwa mbali. Isitoshe, wanawake waliokufa walikuwa wengi kuliko wanaume. Baadhi yao walisubiri waume warudi kwanza, na wengine waliona haya kusongamana na wanaume wageni katika ukumbi usiokuwa na vyoo vya wanawake.

Ndipo kikundi cha wataalamu kilichoongozwa na mhandisi Jamilur Reza Choudhury, aliyefariki mwaka wa 2020, kikapendekeza vituo vya matumizi mengi, hasa shule. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Jengo linalongojea usiku mmoja katika miaka kumi hugeuka gofu: milango huibwa, popo huhamia, na hakuna ajuaye ufunguo uko kwa nani. Lakini shule ina mwalimu mkuu, ina kamati, hufagiliwa kila siku, na hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuifikia gizani.

Ukiitazama shule ya namna hiyo, utaona imesimama juu ya nguzo nene za zege kama mtu aliyepandisha suruali avuke mto. Orofa ya chini huachwa wazi ili maji yapite bila kuisukuma. Siku za kawaida, hapo ndipo watoto hucheza na wanakijiji hufanyia mikutano. Madarasa yako juu. Majengo ya miaka ya karibuni yameongezewa njia ya mteremko badala ya ngazi pekee, vyumba na vyoo vya wanawake, matangi ya kuvunia maji ya mvua na mitambo ya umeme wa jua. Mifugo nayo haikusahauliwa. Baadhi ya vituo vina nafasi yake, na kwingine umerundikwa mlima mdogo wa udongo, ambao wenyeji huuita killa, ili ng'ombe wapande. Mkulima akijua ng'ombe wake yuko salama, hahitaji kubembelezwa.

Kimbunga cha 2007, kilichoitwa Sidr, kiliua watu wapatao 3,400. Mwaka wa 2020, katikati ya korona, watu wapatao milioni 2.4 walihamishwa kabla ya kimbunga Amphan kutua, na waliokufa nchini humo walihesabiwa kwa makumi tu. Si majengo pekee yaliyoleta tofauti hiyo. Maonyo ya hali ya hewa yaliboreka, na wapo maelfu ya watu wa kujitolea, wake kwa waume, wanaopandisha bendera na kupita kwa vipaza sauti nyumba hadi nyumba.

Je, tuige mtindo huo Budalang'i, ambako Mto Nzoia ukivunja kingo familia hukimbilia shuleni? Hapa naomba tusiharakishe. Kimbunga hupita, na baada ya usiku mmoja au miwili watu hurudi makwao. Mafuriko yetu hukaa wiki kadhaa. Mwaka wa 2024, yalipoua zaidi ya watu 200 nchini, muhula wa pili uliahirishwa hadi Mei 13. Shule nyingine zilikuwa zimeharibika, na nyingine zilikuwa zimejaa wahasiriwa. Familia ikilala darasani mwezi mzima, mtoto atasomea wapi?

Tupige hesabu. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, vinataka kila mtu apate angalau mita 3.5 za mraba, mbali na mahali pa kupikia. Darasa la mita 8 kwa 6 litatosha watu 13, yaani familia mbili za watu watano na kidogo. Watu 200 watahitaji vyoo 10 na lita 3,000 za maji kila siku. Ni shule ngapi unazozijua zenye hayo hata siku za jua?

Kwa maoni yangu, kwetu kitu cha kujenga kwanza ni bwalo la chakula lililoinuliwa juu ya nguzo, mbali kidogo na madarasa, lenye vyoo vyake na tangi lake, ili masomo yaendelee wahasiriwa wakiwa papo hapo. Bwalo huwa na jiko tayari. Na Jumamosi ambazo hakuna gharika, kamati inaweza kulikodisha kwa harusi na mikutano, na pesa hizo zikanunua balbu, kufuli na rangi.