DAWA YA SARATANI YA DAMU NA MABADILIKO YA NGOZI



Mtu akibadilika rangi ya ngozi hapa kambini, maneno huwa mengi: amerogwa, ana ukoma, anapaka mkorogo. Kwa mgonjwa anayetumia dawa za saratani ya damu, huenda sababu ni dawa yenyewe.

Ni dawa gani?

Ipo saratani ya damu inayokwenda polepole. Chembechembe nyeupe huongezeka kupita kiasi na bandama huvimba. Tangu mwaka 2001 hutibiwa kwa vidonge vya imatinibu, vinavyojulikana pia kwa jina la Glivec. Zamani wengi walikufa baada ya miaka michache. Leo anayemeza vidonge kila siku anaweza kuishi miaka mingi. Wengine hupewa kwanza haidroksiurea.

Kwa nini ngozi ibadilike?

Imatinibu huzuia amri inayofanya chembechembe za saratani ziongezeke. Lakini huzuia pia amri inayohitajiwa na chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Ndiyo maana mtu mweusi anaweza kuwa mweupe kidogo, mwili mzima au kwa mabaka.

Mabadiliko yanayoonekana:

1. Kuvimba kuzunguka macho, hasa asubuhi.
2. Vipele na muwasho.
3. Ngozi kupungua rangi. Mara nyingi rangi hurudi daktari akipunguza au kubadilisha dawa.
4. Kwa haidroksiurea: kucha na ngozi kuwa nyeusi zaidi, ngozi kukauka, na pengine vidonda karibu na kifundo cha mguu.

Ufanye nini?

- Usiache dawa wala kupunguza vidonge mwenyewe. Ukiacha kwa kuona aibu, saratani inaweza kurudi na nguvu.
- Meza imatinibu pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Usile balungi.
- Paka mafuta ya mgando, tumia sabuni isiyo na manukato, jifunike na jua kwa kitenge au kofia.
- Usipake mkorogo. Usinywe dawa za miti shamba kabla ya kumwuliza mganga wa kituo.

Dalili za hatari

Malengelenge, ngozi kubanduka, vidonda mdomoni au machoni, vipele pamoja na homa, kidonda cha mguu, mwili kuvimba haraka au kupumua kwa shida: nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata usiku. Chukua pakiti ya dawa zako.

Vidonge vikikaribia kwisha, sema mapema. Hospitali ya rufaa iko mbali na kibali cha kutoka kambini huchukua siku.

Kwa majirani: saratani ya damu haiambukizi, wala ngozi hiyo haiambukizi. Kuleni naye, salimianeni naye kwa mkono. Anayechekwa kisimani leo, kesho ataficha vidonge vyake.

Mwenye swali amwone mhudumu wa afya wa eneo lake.